Pahali pa Kuifunga Kamera ya Duván

Fidencio Jojoa alikuwa seremala wa viti na vitanda katika mtaa mmoja wa juu wa Pasto, mji wa milimani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hadi anatimiza miaka hamsini na minane hakuwahi kushika kamera. Ile aliyoipeleka kwa Nury, fundi wa pikipiki, ilikuwa ya mwanawe Duván, aliyekuwa akiifunga kwenye pikipiki kila Jumapili alipoteremka mabondeni na wenzake. Siku aliyokufa ilikuwa Alhamisi. Alikuwa akipeleka mikate, na kamera aliiacha nyumbani kwenye chaji.

Ripoti ya ajali ilisema mwendo wa kasi na uzembe wa dereva. Kuhusu kalvati ya maji iliyobomoka kwenye kona ya La Herradura, pale alipoangukia, na kuacha shimo lililokula nusu ya lami, halikuandikwa neno.

"Nataka waone alichokiona yeye," Fidencio alimwambia Nury. "Nitafutie pahali pa kweli pa kuifunga."

Nury alisoma na Duván tangu darasa la kwanza. Alifuta mikono, akaanza na mshipi wa kifuani. Fidencio akazunguka mtaa kwa pikipiki yake kuukuu, kisha wakatazama: tangi, mikono, tangi tena.

"Mzee, hii ni filamu ya kitambi chako."

"Kitambi kipi? Nimebaki mifupa."

Ilikuwa kweli, na Nury akajuta. Wakajaribu kwenye usukani, na picha ikatetemeka kama uji unaochemka. Mwisho Nury akaibandika kwenye kidevu cha helmeti. "Hapa. Ukigeuza kichwa nayo inageuka. Ndivyo mtu anavyoona."

Kesho yake asubuhi Fidencio aliiendea kona ile polepole. Alijua shimo lilipo. Hata hivyo lilimtokea ghafla nyuma ya ukuta wa mlima, akaponea chupuchupu. Kwenye filamu lilionekana kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Ilisikika pia sauti yake mwenyewe ikisema, "Breki, mwanangu. Breki." Hakukumbuka kuyasema hayo.

Ofisini, alikopeleka malalamiko, afisa wa barabara aliitazama hadi mwisho, kwa adabu.

"Pole sana, don Fidencio. Ila kichwa ni chako, unaweza kukiinamisha utakavyo. Wataalamu wanataka kamera iliyofungwa kwenye pikipiki yenyewe, isiyocheza, kwenye kimo cha macho ya marehemu."

"Kimo chake hamkukiandika?"

"Hapana."

Basi alirudi nyumbani kumuuliza mkewe. Aura alisimama kwenye mlango wa jikoni, akafikiri, akaweka kidole kwenye fremu. "Alipokuwa akiinama kunibusu, macho yake yalianzia hapa." Fidencio akatia alama ya penseli. Aura hakuondoa kidole. Alibaki vile hadi viazi vikaungua, wala hakuna aliyeenda kuviepua.

Fidencio alipima mguu wa suruali ya Duván, akautoa kwenye kimo kile, akajumlisha kimo cha kiti cha pikipiki kutoka chini. Kwa siku nne alichonga kigingi cha mti mgumu cha kuibeba kamera, akakikaza mbele ya tangi kwa vyuma viwili, na chini yake akatia vipande vya kandambili kuua mtetemo. Nury alikitingisha kwa mikono miwili. Hakikucheza.

"Mzee, hii hata ofisi ikianguka, itabaki imesimama."

Siku ya tano akaenda La Herradura. Aliisikia harufu kabla hajafika. Lami mpya, nyeusi, na mstari mweupe uliochorwa hata rangi haijakauka vizuri. Alipita mara tatu. Mara tatu kamera ilirekodi barabara laini kama meza. Kisha akashuka, akapiga magoti, akaweka kiganja pale. Palikuwa bado na joto.

"Matengenezo ya kawaida," afisa alisema aliporudi ofisini.

"Filamu ya kwanza inalionyesha shimo!"

"Tarehe ya kamera mtu yeyote anaweza kuibadilisha, don Fidencio. Na shimo lenyewe halipo."

Aura alimkuta karakanani, amekaa kwenye benchi, helmeti ingali kichwani.

"Wamekuambiaje?"

"Wameliziba shimo."

"Kwa hiyo walikuwa wakiliona."

"Ndiyo."

"Na lami walikuwa nayo."

Aura akamfungua mkanda taratibu, akaivua helmeti, akaketi kando yake juu ya maranda ya mbao. Jirani aliyekuja kuulizia kitanda chake aliwaona, akarudi bila kubisha.

Malalamiko yao yalifungwa mwezi wa Machi. Mwaka ule Fidencio hakutengeneza hata kiti kimoja.