Taa Iliyofundishwa Uongo

Mwaka 1998, Mkuyuni, Mwanza, ilikuwa na mafundi magari wengi kuliko magari mazima. Mashirika yalikuwa yamepunguza watu, na kila aliyewahi kushika spana alijitafutia kipande cha uwanja, akamwaga oili chini, akaitwa fundi. Nkwabi hakuwa wa namna hiyo. Umeme wa magari aliufanya miaka kumi na minne katika karakana ya ushirika wa pamba, mpaka karakana ilipofungwa na yeye akaondoka na barua ya kupunguzwa kazi pamoja na cheti cha utumishi mwema. Cheti alikitia kwenye fremu.

Alikuwa na sifa moja na ugonjwa mmoja. Sifa yake ni kwamba hakubahatisha. Alipima kwanza ndipo akafungua. Ugonjwa wake ni kupenda kusifiwa, na huo haukuwa na dawa.

Miaka hiyo magari ya mitumba kutoka Japani yalianza kumiminika mjini, na baadhi yalikuja na taa ya njano yenye herufi ABS. Magari hayo yana breki zinazozuia tairi lisijifunge ukikanyaga kwa nguvu. Kila tairi lina sensa inayohesabu meno ya pete inayozunguka nalo na kupeleka habari kwenye kompyuta. Habari zikikorogeka, taa inawaka. Sensa mpya hazikupatikana Mwanza, na wateja hawakutaka kuangaliwa na taa ya njano siku nzima, kwa hiyo mafundi waling'oa balbu.

Nkwabi aliwacheka. Dereva makini, alisema, akifungua swichi asiione taa hata mara moja atajua ameibiwa. Yeye alichukua waya wa taa ile akauunganisha na wa taa ya oili. Ukifungua swichi zinawaka zote mbili. Injini ikinguruma zinazimika pamoja. Kwa macho, gari zima kabisa! Hivyo ndivyo alivyolifanya gari la Justa, mfanyabiashara wa vitenge wa Mabatini, aliyemwambia, "Mimi hiyo taa inanikera, fundi. Izime tu." Justa alifurahi akamsifu. Dereva wake hakuambiwa neno, na hapo ndipo ninapomkasirikia Nkwabi mpaka leo.

Dereva huyo ni Mzee Shigela, aliyefanya kazi na Nkwabi kule kule kwenye ushirika wa pamba. Miaka thelathini barabarani. Kila asubuhi alifungua swichi, akazihesabu taa za dashibodi kwa kidole, akasubiri zizimike, ndipo akaingiza gia. Madereva wenzake walimtania kwamba anazisalimia shikamoo.

Ijumaa moja ya mwezi wa Septemba alikuwa Kamanga, anasubiri kivuko kurudi mjini. Foleni ilikuwa ndefu, akazima injini karibu saa nzima. Alipoitwa aliwasha, akateremka taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Mbele yake Mhoja, mama muuza dagaa, aliinama kunyanyua beseni lake. Shigela alikanyaga breki mapema, bila haraka. Pedali ikatetemeka, ikamsukuma mguu kurudi juu, na gari likaendelea kwenda. Lilikwenda polepole tu, lakini lilimfikia Mhoja, likamvunja mguu.

"Breki imenirudishia mguu," aliwaambia polisi.

Mkaguzi alilizungusha gari, akakanyaga, likasimama vizuri. Watu wakasema mzee alikuwa amelewa, yeye ambaye pombe aliiacha tangu abatizwe. Leseni ikashikiliwa, na Justa akachukua ufunguo. Yote hayo Shigela angeyavumilia. Kibaya ni kwamba alianza kuamini kwamba kosa ni lake. Mkewe alimkuta ameketi kitini nyumbani, anakanyaga ukuta, anaachia, anakanyaga tena, anaupima mguu wake wa kulia. Wiki ya pili alianza kutembea na fimbo.

Wiki ya tatu Justa alilipeleka gari kwa Nkwabi. "Niandikie barua ya polisi kwamba breki ni nzima. Wewe una cheti, watakuamini. Mzee amechoka tu, masikini, mguu haumtii tena."

"Alisema nini mwenyewe?" Nkwabi aliuliza.

"Eti breki ilimrudishia mguu."

Nkwabi alinyanyua gari kwa jeki, akatoa mita yake ya mshale, akapima sensa zote nne. Zote zilikuwa nzima kwenye kipimo. Hapo angeweza kuandika barua, na isingekuwa ya uongo. Lakini sensa haipimwi ikiwa imelala, na alijua. Akazungusha matairi kwa mkono, moja baada ya jingine. Ya nyuma yaliinua mshale. Ya mbele, mshale ulitikisika kidogo tu, ukalala.

Alizichomoa sensa za mbele. Ncha zake zina sumaku, na zilikuwa zimeota ndevu za unga wa chuma uliolika kwenye diski za breki. Pale pale akaelewa yote. Kwa mwendo wa taratibu sensa hizo zilikuwa zinanyamaza. Kompyuta ikadhani matairi yamejifunga, ikayafungulia breki wakati yanaendelea kuzunguka. Baada ya muda hugundua kasoro, huwasha taa na kujitoa, na breki hubaki za kawaida, kama zilivyokuwa mkaguzi alipozijaribu baada ya kulizungusha. Ukizima gari na kuwasha upya, nayo inaanza upya. Na Shigela alikuwa amezima saa nzima.

Kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Kufuta mara mbili tu na hakuna ambaye angejua milele. Nkwabi aliona aibu, aibu ya kweli. Akazirudisha sensa na uchafu wake, akakata waya aliouunga, akairudishia taa njia yake. Kisha akamwomba Justa amlete Mzee Shigela.

Shigela alikuja na fimbo. "Shikamoo, mzee," Nkwabi alisema. "Marahaba." Wakampeleka kwenye uwanja mtupu, wakamkalisha kwenye usukani. Hakutaka.

"Nenda taratibu kama siku ile," Nkwabi alimwambia, "halafu ukanyage."

Gari likajongea. Shigela akakanyaga, na pedali ikanguruma chini ya kiatu chake.

"Ndiyo hii!" alipiga kelele. "Nkwabi, ndiyo hii! Mama Justa, njoo, ndiyo hii!" Akarudia, machozi yanamtoka waziwazi. Mara ya tatu taa ya njano iliwaka, na gari likasimama kama kawaida.

Shigela aliitazama taa. "Hii siku ile haikuwaka."

"Haikuwaka, mzee. Niliifunga mimi." Nkwabi alimweleza habari ya waya, wote wawili wakiwa wamekaa ndani ya gari.

"Mimi kila asubuhi nazihesabu taa."

"Najua."

"Ulijua nazihesabu."

"Nilijua," Nkwabi alisema. "Ndiyo maana sikung'oa balbu."

Justa, aliyekuwa amesimama dirishani, alisema kwa sauti ndogo, "Niliyesema izimwe ni mimi." Hakuna aliyemgeukia.

Nkwabi aliandika barua ya polisi siku hiyo hiyo, na hakuacha kitu, hata waya. Wengine Mkuyuni walimwona mjinga, na wateja wakapungua. Lakini Shigela alitaka jambo moja zaidi. "Polisi ni karatasi," alisema. "Kwa Mhoja utakwenda na mdomo wako."

Walivuka pamoja Jumamosi, wamekaa benchi moja. Mhoja alikuwa nje ya nyumba yake, mguu wenye plasta umenyooshwa juu ya gunia. Alimwona Shigela akageuza uso. Nkwabi alipewa kigoda, akakataa kuketi mpaka aseme. Akasema, kuanzia kusifiwa kwake mpaka beseni la dagaa.

Mhoja alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimewaambia wauza samaki wote wa mwaloni kwamba mzee huyu alikuwa amelewa," alisema. Kisha akamgeukia Nkwabi. "Na wewe huu mguu wangu utaufunga waya gani?"

Nkwabi alikisukuma kigoda kuelekea kwa Shigela.

"Karibu ukae, mzee," Mhoja alimwambia Shigela. "Naona umesimama sana."

"Acha nisimame kidogo, mama," Shigela alisema. Fimbo alikuwa ameiacha nyumbani.