Zamu ya Maji Mtoni Sabaki

Garama alitunyima maji ya mto Sabaki, na kwa kutunyima huko akampeleka binti yangu Mbeyu kinywani mwa mamba. Watu husema ni vita, husema ni serikali. Serikali ilituchomea nyumba. Mto alitufungia Garama.

Mimi Kahonzi nilizaliwa ng'ambo ya kaskazini, nikaolewa na Baya huko huko, nikalima mtama hadi nikaota mvi. Mto ule hautulii. Mwaka huu mkondo unaegemea kwetu, mwaka mwingine unahamia kusini na kutuachia mchanga mtupu. Ndiyo maana wazee wa pande zote mbili walichinja mbuzi katikati ya mto wakaapa: upande uliopata mkondo utajenga uzio wa miti majini kuzuia mamba, na wa ng'ambo watavuka kuteka humo. Mkondo ulipokuwa kwetu, Baya ndiye aliyekata miti. Mke wa Garama alivuka kutoka kusini, akajaza mtungi wake kabla yangu, kwa kuwa mgeni hutangulia.

Mwaka Wazungu walipoanza kupigana kwao, serikali ilitaka Wagiriama wote wa kaskazini wahamie kusini. Askari walituhamisha kwa moto. Baya alirudi kufungulia mbuzi, wakampiga risasi.

Mkondo ulikuwa kusini, na uzio ulikuwa wa Garama. Tulimkuta ameketi kwenye mlango wa uzio, panga mapajani.

"Baba, tupishe tuteke," Mbeyu alimwambia.

"Kiapo kilikuwa cha watu wa ng'ambo. Nyinyi sasa mna ng'ambo gani?"

"Mkeo alikunywa kwetu," nikasema.

"Alikunywa, akakojoa, yameisha." Vijana wake wakacheka. "Tekeni pale chini, mama Mbeyu. Mamba nao ni majirani."

Tulikuwa na kiu tangu jana yake. Mbeyu aliniambia nikae, magoti yangu mabovu. Aliingia maji ya magotini, akainama. Nilipopiga mayowe, wale vijana walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama mtungi umepona.

Kwetu anayesababisha kifo hulipa kore, mtu kwa mtu: ukoo wake hutoa msichana kwa waliofiwa. Nimekwenda kwa wazee wa kusini. Wananijibu kwamba mamba hana ukoo. Mamba simdai. Garama ana binti, Kadzo, rika moja na Mbeyu. Kila asubuhi namwona akiteka maji ndani ya uzio. Huyo ndiye ninayemdai, na Garama hajamleta.