Huyu ni Wetu?

Binti yangu ana miaka kumi na minne na hajui mgeni ni nini. Hapa mtaani kwetu Gungu akitoka mlangoni anaamkia kila mtu, muuza mkaa, mwalimu, mlevi, tena si kwa mbali. Anamfuata mtu, anamshika mkono, anamuuliza kala nini na watoto wake hawajambo. Watu wanafurahi. "Mama, huyu umemlea," wananiambia, na mimi nasaga meno.

Sikumlea hivyo. Amezaliwa hivyo. Tulimpeleka hospitali akiwa mdogo kwa sababu ya moyo, na daktari, baada ya kumtazama uso kwa muda mrefu na kuagiza vipimo, akatueleza kwamba kuna kipande kidogo cha vinasaba hana. Ni hali adimu. Ndiyo maana hesabu haziingii, kufunga kamba za viatu kunamshinda, na kuogopa watu hamna kabisa. "Hakuna dawa," alisema. "Mtamlinda." Rahisi kusema.

Jaribu kuwaeleza watu hilo. Mtoto anaongea vizuri kuliko mimi, anaimba kwaya, ana adabu. Mgonjwa gani huyo? Shemeji yangu anasema namtafutia mtoto ugonjwa ili asilaumiwe kwa kufeli.

Mwaka jana tulikwenda mwaloni, kule ziwani boti zinakotia nanga, kununua dagaa. Nimeinama kuchagua, nainuka, hayupo. Nilikimbia ule ufuo wote nikiuliza. "Mwenye gauni la njano? Kapita na shangazi yake, wanacheka." Hana shangazi huku. Nilimkuta ndani ya boti ya kwenda Ilagala, injini inaunguruma, kapakata kikapu cha mama mmoja mfanyabiashara. Mama wa watu wala hakuwa na ubaya. "Kaniamkia, kanibebea mzigo, akapanda," alisema. "Nikajua katumwa. Ningejuaje?" Nililia hadharani, na mwanangu akanikumbatia akiniuliza nani kaniudhi.

Ndipo nikaanza kumfundisha jambo ambalo hakuna mzazi wa hapa anayelifundisha: asisalimie watu. Tukapatana. Kabla ya kumwamkia mtu, aulize kwanza, "Mama, huyu ni wetu?" Nikisema ndiyo, aamkie. Nikisema hapana, tunapita. Ilituchukua miezi. Alikuwa anajifinya midomo kwa vidole ili salamu isitoke, na mimi roho inaniuma, lakini aliweza.

Watu ndio hawakuweza. "Siku hizi huniamkii? Nani kakufundisha kiburi?" Bibi mmoja jirani, aliyehamia hapa zamani kutoka Burundi, alikuja mpaka uani kunishtaki kwangu mwenyewe. "Kwani mimi si wa kwenu?" Nilieleza mpaka koo likakauka. Wanaitikia, "Pole, mama," kesho yake wanamsimamisha tena njiani: "Niamkie bwana, mimi wa kwenu."

Juzi tumetoka kanisani, nikasimama dukani kununua vocha. Kijana wa bodaboda ambaye sijawahi kumwona akampigia mwanangu honi. "Mrembo, husalimii watu?" Nikawa nahangaika na chenji. Nilipogeuka, mwanangu ameshapanda pikipiki, kamshika yule kijana kiunoni, anamuuliza watoto wake hawajambo. Nilimvuta chini mpaka gauni likachanika begani. Kijana akacheka. "Mama, mtoto ana upendo, wewe una nini?" Na watu wote pale dukani wakanitazama mimi. Mimi! Nilitaka kuwatukana mmoja mmoja.

Tulitembea hadi nyumbani nimemkamata mkono kwa nguvu. Kila baada ya hatua chache anageuka kumpungia yule kijana. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, kama amesahau tulivyopatana.

Akanishangaa kweli.

"Sijasahau, mama. Nimemuuliza. Amesema ni wetu."