Dawa Mbili za Kipandauso

Kichwa changu hakipendi sherehe. Mtu akichoma udi nyumba ya pili tu, jicho la kushoto linaanza kucheza, nusu ya uso inagonga, natapika, nalazwa chumbani madirisha yamezibwa kwa kanga. Ndicho kipandauso hicho. Na hapa Bagamoyo bila udi hakuna arusi wala arobaini ya mtoto, sasa mimi nihamie wapi?

Vidonge vya maumivu vilishachoka kunisaidia. Daktari akasema nahitaji dawa ya kumeza kila siku, kichwa kiume kisiume. Siku ya kuichagua nilikwenda na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kiwangwa kunitazama. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake, na anayemsindikiza ndiye anayemsemea. Kazi ya mgonjwa ni kuinamisha kichwa.

Daktari, binti mdogo tu, alimwamkia mama shikamoo, kisha akatueleza. Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ile wanayopewa wenye kifafa. Kwa kichwa changu aliitumaini hiyo zaidi, ila inamdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo anayetaka kuzaa hapewi. Ya pili ni ya presha. Hiyo huenda isinitulize sana, lakini anayetaka kuzaa haimzuii. Akauliza kama bado tunatafuta mtoto.

Mama akanisemea, kama ilivyo ada. "Hilo tumeshamwachia Mungu, mwanangu. Mpe itakayomponya."

Alisema kwa huruma, kanishika mkono. Na mwanamke huyu miaka ya mwanzo ya ndoa yangu alikuwa hanipi nafasi! Akija, macho tumboni. Akipiga simu, swali ni lile lile, nimeona kitu au bado. Nilikuwa nakasirika, nasingizia mboga inaungua ili nikate simu. Lini aliacha kuuliza, sikumbuki. Pale hospitali ndipo nilipogundua, na roho iliniuma kuliko kichwa. Jamani, hata yeye kakata tamaa. Nilitamani aniulize tena, hata mbele za watu.

Nikavunja adabu. "Mama, unisamehe, mimi sijaacha. Daktari, nipe hiyo ya presha."

Mama aliniachia mkono, akavuta mtandio usoni, hakuutoa mpaka tukafika nyumbani. Nikajua nimemuudhi. Kumbe masikini alikuwa analia.

Naimeza hiyo hiyo mpaka leo. Kichwa kimepungua kidogo, si haba, lakini kikija kinanilaza vile vile. Kila nikirudi kliniki daktari ananiuliza kama nibadilishiwe, nami namwambia bado kwanza.

Mwezi uliopita kilinishika vibaya, nami siku zangu zimechelewa. Nikalala gizani meno nimeyauma, nikakataa hata kidonge cha maumivu, nisije nikamdhuru kama yumo. Wallahi, yale maumivu niliyapenda. Asubuhi nikakuta damu. Nikalia, nikaoga, nikameza ya presha.