Mama Pindo na Sauti Iliyotangulia Mdomo

Kwa miaka thelathini na moja Mama Pindo alishona katika kiwanda cha sare, safu ya tatu, cherehani ya saba kutoka mlangoni. Kazi yake ilikuwa pindo za suruali, za wauguzi, za walinzi, za wanafunzi, na jina lake la utani lilitokana na hizo pindo. Cherehani mia moja na ishirini zikinguruma chini ya paa moja la bati, masikio hayabaki salama. Ya kwake yaliondoka kidogo kidogo, kama mgeni asiyeaga. Kwanza zilipotea sauti za ndege, kisha hodi ya mlangoni, kisha "s" na "f" na "sh" zikawa kitu kimoja. Alipostaafu alikuwa anasikia kama mtu aliyeinamia ndani ya pipa.

Lakini dawa yake aliipata hapo hapo kiwandani. Wanawake wa safu ya tatu hawakupigiana kelele, walisomana midomo. Umbea wa miaka thelathini ulipita juu ya zile mashine bila kutoa sauti, na msimamizi aliyekuwa akizunguka huku na huku hakuambulia hata neno. Kwa hiyo Mama Pindo alisikia kwa masikio mawili mabovu na macho mawili mazima, na mambo yakaenda.

Mumewe alikuwa karani wa masjala ya mahakama, na watu waliendelea kumwita Karani hata baada ya kustaafu. Hakunywa, hakucheza karata, hakuwa na timu. Ugonjwa wake ulikuwa diski za filamu. Alikuwa nazo mia nne na kumi na sita, zote halali za dukani, zimepangwa kwenye rafu za chumba cha nyuma, kila moja na namba yake ubavuni kama jalada la kesi. Kila siku saa kumi alasiri mume na mke waliketi kwenye kochi wakatazama moja. Maandishi ya chini yalimsaidia Mama Pindo, midomo ilimsaidia zaidi, na pale alipokwama alimpiga Karani kiwiko naye akamrudilia maneno.

Siku moja binti yao akapiga simu. Alikuwa na mimba ya mapacha, na daktari alimwambia akae karibu na mama yake kwa miezi ya mwanzo baada ya kujifungua.

"Baba, chumba cha nyuma kipo?"

"Kipo," Karani akajibu, "ila kina wapangaji mia nne na ushee."

Mama Pindo, aliyekuwa akimsoma mdomo kutoka jikoni, akaja na mwiko mkononi. "Wape notisi," akasema.

Mkwe wao ndiye aliyetoa njia. Alimwelekeza Karani kwa simu, hatua kwa hatua, namna ya kunakili diski zote kwenye kompyuta na kuzihifadhi kwenye diski kuu moja isiyozidi ukubwa wa kamusi. Diski zenyewe zingefungwa kwenye makatoni na kuwekwa juu ya kabati. Kilichobaki ni kupata kisanduku cha kuzichukua zile filamu kupitia mtandao wa nyumbani na kuzipeleka kwenye runinga.

Karani alinakili diski saba kwa siku, miezi miwili mfululizo. Na kwa kuwa karani ni karani tu, akanunua daftari jipya akaandika sifa za kisanduku anachokitaka, kama anayetangaza nafasi ya kazi serikalini. Kifungue filamu nzima kama ilivyotoka kwenye diski, bila kuipunguza ubora. Kikumbuke mtu aliishia wapi. Rimoti iwe na herufi zinazosomeka. Na juu ya yote, kionyeshe maandishi ya chini, "kwa ajili ya mama." Hilo alilipigia mstari mara mbili.

Kisanduku cha kwanza alikipata kwenye kibanda cha vifaa vya simu. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni. Picha ilikuja, ikasita, ikaruka, ikasita tena, kama mtu mwenye kigugumizi anayepanda ngazi. Maandishi hayakuja kabisa. Karani alipomuuliza mkwe, akaambiwa kwamba maandishi ya kwenye diski zake yamehifadhiwa kama picha ndogo ndogo, na vile visanduku vya bei rahisi havijui kuzisoma. Karani akakirudisha siku hiyo hiyo. Cha rahisi ni ghali, alijisemea njia nzima.

Safari ya pili akaenda kwa Bwana Rimoti, mwenye duka kubwa la runinga mtaa wa pili. Jina hilo alilipata kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa rimoti, hata msibani. Bwana Rimoti alimtolea kisanduku cheusi, kizito, chenye feni yake ndani.

"Mzee, hiki ni mwisho wa reli," akasema. "Ukikosa raha na hiki, basi raha yenyewe haipo."

Karani akakipima kwa daftari lake. Kilifungua kila filamu, kilikumbuka, maandishi yalijaa chini ya picha, makubwa na meupe. Akakipenda kama mtu anavyopenda mtoto wa kwanza.

Siku ya kwanza Mama Pindo alitazama nusu saa, akainuka, akaenda kwenye cherehani yake ya nyumbani. Siku ya pili akainuka mapema zaidi. Siku ya tatu alisema kichwa kinamuuma. Wiki ikaisha Karani akitazama peke yake, kochi zima lake, na raha yote ikawa imechacha. Mtu aliyezoea kupigwa kiwiko miaka yote hiyo, mbavu zake zinajua zimekosa nini.

Jumapili akachemsha chai, akambebea mkewe kwenye cherehani, akakaa mbele yake mahali anapoonekana mdomo.

"Umechoka na filamu zangu, mama? Niambie tu. Tutafute kitu kingine cha kufanya."

Mama Pindo aliacha kushona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sijachoka. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Siwezi tena kusoma midomo. Natazama watu wanasema, sielewi. Neno linakuja, mdomo unafanya lingine. Masikio yalikwenda nikasema sawa. Sasa na macho yakinitupa, mapacha nitawasikia kwa nini, mzee wangu? Kwa pua?"

Karani aliona machozi yanamlenga mkewe. Lakini miaka ya mahakamani ilimfunza kwamba madai huhitaji ushahidi. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasema bila kutoa sauti hata kidogo: *Umeunguza maharage.*

"Sijaunguza chochote," Mama Pindo akajibu papo hapo. "Ni wewe uliyeacha bomba la bafuni linamwaga. Maji nayaona nyuma yako."

Karani akakimbia kufunga bomba. Aliporudi alikuwa anacheka, na mkewe pia alikuwa anacheka huku akijifuta uso kwa kitambaa cha suruali aliyokuwa akishona.

"Macho yako ni mazima," akasema. "Twende tukamkamate mwongo."

Wakaketi mbele ya runinga. Mama Pindo akasogea mbele, akaegemeza viwiko magotini. Baada ya dakika moja akanyoosha kidole. "Huyu bwana anasema kabla hajafungua mdomo. Tazama. Sauti imefika, mdomo ndio unaanza. Kidogo tu, kama nusu ya mshono."

Karani alitazama mpaka macho yakamuuma. Hakuona kitu. Lakini hakubisha. Alizima runinga, akachukua daftari, kisanduku na diski kuu, wakaondoka wote wawili.

Bwana Rimoti aliwapokea kwa adabu. "Shikamoo mama." Alipoelezwa, akatabasamu lile tabasamu la kumvumilia mkubwa. "Mama yangu, hicho kisanduku hakina kosa. Labda ni masikio tu, umri nao..."

"Masikio yangu ni mabovu, hilo tusigombane," Mama Pindo akamkatiza. "Nipe kiti, baba."

Akapewa stuli mbele ya runinga kubwa ya dukani. Bwana Rimoti akaunganisha visanduku vitatu, cha kwanza kile cheusi, akavifunika kwa kitambaa ili asijue kipi kinafanya kazi, akaweka filamu ile ile kwenye vyote.

"Huyu anawahi," Mama Pindo akasema. Kikabadilishwa. "Huyu anachelewa, tena sana." Kikabadilishwa. "Huyu... karibu sawa. Anawahi unywele."

Bwana Rimoti akakonyeza wateja wawili waliosimama kutazama, akarudisha kimyakimya kile cha kwanza.

"Umenirudishia yule yule anayewahi," Mama Pindo akasema. "Hana hata haya."

Wateja wakaangua kicheko. Bwana Rimoti akatoa simu. Akatafuta kwenye filamu mahali mtu anapopiga makofi, akairekodi ile runinga, akaichezesha polepole. Sauti ikapasuka *pa*, mikono bado imeachana. Akairudia mara tatu, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Nimekiuza hiki kisanduku kwa nusu ya mtaa," akasema taratibu, "na hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Wanasikia vizuri," Mama Pindo akasema. "Mwenye kusikia hatazami."

Kile cha "unywele" kilipofunuliwa kilikuwa cha rangi ya kijivu, toleo la mwaka uliopita, hakina feni wala majivuno. Kilikuwa na sehemu kwenye menyu, ambayo kile cheusi hakikuwa nayo, ya kusogeza sauti mbele au nyuma. Bwana Rimoti akampa rimoti. Mama Pindo akabonyeza mara moja, akatazama. Mara ya pili, akatazama. Mara ya tatu, akainua mkono kama anayezuia gari.

"Hapo. Asiguse mtu."

Karani akafungua daftari kukagua masharti yake, mkewe akalifunga na kulitia kwapani. Wakaondoka na cha kijivu, na kile cheusi kikabaki kwenye kaunta.

Siku hiyo walitazama filamu namba mia mbili na tatu mpaka jina la mwisho likapita. Mama Pindo alicheka mahali pa kucheka, tena sekunde moja kabla ya mumewe, na kiwiko kikarudi mbavuni.

Wiki mbili baadaye binti akafika, na mwezi uliofuata mapacha nao. Mama Pindo alijifunza kuwatofautisha kilio kwa kutazama tu: wa kike hukunja midomo kwanza, wa kiume hufungua yote kwa mkupuo. Katikati ya purukushani hiyo Bwana Rimoti akaja mwenyewe nyumbani, kavaa shati safi, akaomba kuongea na mama.

Alikuwa ameagiza visanduku vipya vya aina tano, na hakutaka kuuza hata kimoja kabla hajavipima. Je, angeweza kumsaidia kila Alhamisi asubuhi? Angelipwa, na gari la duka lingemfuata.

"Miaka thelathini na moja nimefanyia watu kazi," Mama Pindo akamwambia, "na hakuna aliyewahi kunifuata kwa gari." Akafikiri kidogo, mjukuu begani. "Nitakuja. Lakini ile stuli yako inaumiza. Tafuta kiti chenye mgongo."

Alhamisi alikikuta mbele ya runinga kubwa, kipya, bado kimefungwa nailoni. Akaichana nailoni kwa kucha, akaketi, akavaa miwani.

"Haya," akasema, "walete hao waongo."