Fundi Futi, mshonaji anayetibu matangi yaliyovimba

Saa mbili asubuhi, mlango na madirisha ya karakana yakiwa wazi, Fundi Futi analikumbatia tangi la pikipiki na kuanza kulitikisa. Skrubu za kujaza kiganja zinagongana ndani yake. Kushoto, kulia, juu, chini. Mumewe, fundi pikipiki, anaweka spana chini na kupiga makofi kufuata mdundo.

"Cheka tu, baba," mkewe anamwambia. "Nisipolikwaruza ndani, gundi haishiki."

Mama huyu wa miaka arobaini na tisa alishona nguo kwa miaka ishirini. Cherehani yake ilikaa kwenye kona ya karakana hii hii, na jina la Futi alilipata kwa futikamba isiyobanduka shingoni mwake.

Futikamba hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye matangi. Miaka minne iliyopita, mkunga wa zahanati ya jirani alileta pikipiki yake ikasafishwe. Tangi lake la plastiki lilitolewa vizuri, lakini kulirudisha ikawa kazi. Mume akasukuma, akavuta, mwisho akalikalia. Wapi!

"Nikamwambia, hiyo ni nguo iliyobana, ngoja nipime," anakumbuka.

Alipima, akaandika kwa chaki ukutani. Tangi likaachwa tupu penye hewa. Wiki mbili baadaye alipima tena: lilikuwa limepungua sentimita moja na nusu.

Kumbe petroli ya siku hizi huchanganywa na alkoholi. Alkoholi huvuta unyevu, na plastiki ya aina ile hunywa vyote viwili ikavimba. Mumewe ana maelezo mafupi zaidi: "Tangi limelewa."

Lakini likijazwa mafuta lingevimba tena. Fundi Futi akaliosha kwa sabuni, akanunua gundi ya mikebe miwili, ile inayokuwa ngumu ikichanganywa, akaimimina ndani na kulizungusha mpaka kuta zote zikapata utando. Mkunga akaondoka anatabasamu.

Siku ya tisa, pikipiki ikamzimikia njiani akienda kwa mama mwenye uchungu. Utando ulikuwa umebanduka, vipande vikaziba njia ya mafuta. Mkunga akashika mkoba wake, akakimbia kilomita mbili kwa miguu. Mtoto alizaliwa salama.

"Nilimfuata nikiwa tayari kutukanwa," Fundi Futi anasema. "Akaniuliza, 'Dada, baada ya kuliosha ulilikausha muda gani?' Nikajibu, usiku mmoja. Akasema, 'Hata kidonda kibichi hakifungwi hivyo.' Basi. Nilitamani angenitukana."

Alimpa mkunga pikipiki ya mumewe kwa mwezi mzima, bila kumuuliza mwenyewe. Akaanza upya: kuosha, kukausha wiki tatu, kukwaruza kwa skrubu, kisha kupaka mara mbili. Tangi lile linatumika hadi leo, na kila baada ya miezi mitatu hulifuata zahanati kulipima.

Sasa hupokea matangi manne kwa wiki, na kipato chake ni mara mbili ya kile cha cherehani. Ameshatibu zaidi ya mia sita.

Yaliyorudi je?

"Saba," anajibu bila kusita. "Nayajua yote kama watoto wa dada yangu."

Jambo moja huwashangaza wateja: Fundi Futi hajui kuendesha pikipiki. Ndiyo maana kila Jumapili mkunga humfundisha kwenye uwanja wa mpira, na mtihani wa leseni ni mwezi ujao. Akifaulu, anataka kuwafuata waendesha pikipiki vituoni kwao, awafundishe kutoacha tangi limejaa pikipiki ikilala wiki nzima.

"Na abiria wangu wa kwanza ni huyu," anasema, akimnyooshea mumewe kidole.

"Mimi nitatembea," mume anajibu kutoka chini ya injini.

"Atapanda," mkewe anasema. "Ataomba dua njia nzima, lakini atapanda."