Vijidudu Vilipogoma Kula Gesi

Pale maabara walimwita Kiguu na Njia. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitini mpaka chai ikaisha. Alikuwa akipiga funda moja, anaacha kikombe juu ya friji na kwenda kuchungulia chupa zake. Akirudi chai imeshapoa, anamimina nyingine.

Chupa hizo zilikuwa na tope. Alilichota mwenyewe nyuma ya nyumba ya mdogo wake, aliyepanga na wanawe karibu na jalala la mji. Takataka zikioza chini kwa chini hutoa methani, gesi isiyo na rangi wala harufu, na pale jalalani ilikuwa ikipenya ardhini hadi kwenye nyua za watu. Msimu wa kiangazi ilishika moto, ikaunguza jiko la mdogo wake na kila kilichokuwamo. Bahati nzuri watoto walikuwa shule. Tangu hapo Kiguu na Njia akawa hatulii kabisa.

Ndani ya tope hilo mlikuwa na vijidudu vinavyoishi kwa kula gesi ileile. Vina kimeng'enya, kitu kidogo kupita kiasi, kinachoidaka methani na kuipachika oksijeni ili igeuke chakula. Viwandani kazi hiyo hutaka joto la tanuri. Vijidudu huifanya kwenye ubaridi wa matope. Alikusudia kuvizalisha kwa wingi, avichanganye na udongo na kuutandaza pale uani, gesi iliwe kabla haijatoka nje.

Kwa wiki kadhaa vilikula kwa pupa. Kisha vikagoma.

Alibadili maji. Akaongeza shaba kidogo, maana kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila shaba. Akapunguza joto, akalirudisha. Kila akipima, gesi imo vilevile chupani, haijaguswa.

"Hao wameshakufa," mkuu wa maabara alimwambia. "Mwaga, tuanze kitu kingine."

"Nipe mpaka mwisho wa wiki, Mkuu."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo."

Siku hiyohiyo mdogo wake akapiga simu. "Dada, ardhi inafuka tena, karibu na bomba la maji. Hiyo dawa yako vipi?"

"Si dawa, mdogo wangu."

"Basi hivyo vidudu vyako."

"Vinanisumbua kidogo."

"Mimi sisubiri kuungua na wanangu. Natafuta chumba kwingine."

Simu ilipokatika hakuweza kubaki ndani. Akatoka, akawa anazunguka jengo kama mtu aliyepoteza funguo. Alipofika nyuma, akasimama ghafla. Palikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameinama akikata vyuma vya geti, mtungi wake umeegemea ukuta. Juu ya mtungi, kwenye ukuta uleule, palikuwa na tundu la bomba linaloingiza hewa maabara, hewa anayojazia chupa zake.

"Fundi, mtungi huu unavuja?"

"Kidogo tu, dada. Haujawahi kumdhuru mtu."

"Mtu, sawa. Nina vijidudu humo ndani."

Gesi ya kuchomelea, asetilini, inafanana na methani kiasi cha kukidanganya kimeng'enya. Kikishaidaka, kinaharibika palepale, na kijidudu hubaki na njaa mpaka kijitengenezee kingine. Alikuwa anayajua hayo tangu chuo. Hakuwahi kufikiria kwamba gesi hiyo ingemfuata mpaka mlangoni.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewanyonga?" fundi akauliza, kofia mkononi.

"Bado hatujui. Lakini hamisha mtungi, tafadhali, na uufunge vizuri."

Nusu ya chupa akazijaza hewa ya upande wa mbele wa jengo. Nusu akaziacha na hewa ya zamani. Akawa anapima asubuhi na mchana, wenzake wakimkwepa koridoni. Mwanzoni hakukuwa na tofauti. Kisha gesi kwenye chupa za hewa mpya ikaanza kushuka, taratibu, halafu kwa kasi. Zile nyingine zilibaki hivyohivyo. Mkuu wa maabara akaitazama karatasi ya vipimo, akaitazama tena.

"Haya," akasema. "Nenda kautandaze huo udongo wako."

Mdogo wake alikuwa ameshahama. Hata hivyo udongo ulitandazwa, na siku za jua gesi inayotoka ikapungua kwa zaidi ya nusu. Mvua iliponyesha, udongo ukaloa, vijidudu vikakosa hewa, na gesi ikapanda tena. Siku moja Kiguu na Njia alikuwa amechutama katikati ya ua, anasukuma ardhini mrija wa mpira wa kupimia gesi, mlango wa nyumba ulipofunguliwa. Akatoka mwanamke asiyemjua, mtoto mgongoni.

"Mimi ndiye mpangaji mpya. Unatafuta nini hapa?"

Angeweza kusema anapima udongo tu. "Ardhi hii inatoa gesi," akamwambia. "Inashika moto. Tumeipunguza, haijaisha. Usipikie upande huu, na madirisha yaache wazi."

Mwanamke akamtazama, akautazama mpira ule. "Mwenye nyumba hakuniambia."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mimi."

"Na mtarudi lini?"

"Kesho," akasema, akausogeza mpira hatua moja kuelekea ukutani.